Shangazi Futi, Nesi wa Watoto wa Jumamosi

Leo ni tarehe tatu Juni. Ni miaka miwili, miezi saba na siku kumi na moja tangu nilipokabidhi funguo za geti la kliniki na kuondoka kwenda kutafuta kazi ya mbali. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, saa ya mapumziko ya mchana. Vidole vyangu havishiki kalamu kama zamani, kwa hiyo atakayechapa anisamehe mwandiko.

Tarehe thelathini mwezi huu, nesi na mshauri wa vijana wa kliniki yetu, ambaye sote tunamwita Shangazi Futi, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne. Karani alinitumia ujumbe kwamba nimeteuliwa kuandika wasifu wake kwenye kijitabu cha hafla. Alisema kurasa chache, lugha safi, na nisilete majonzi kwa sababu kutakuwa na wageni. Nilimjibu kwamba madaktari wapo, wenye vyeti wapo, na mimi niliishia darasa la sita. Akaniambia hao wote walikwisha pendekezwa, ila Shangazi mwenyewe amewakataa. Alisema, "Mpeni Baba Geti. Wengine wataniandika kama malaika, halafu nitashindwa kukaa pale mbele." Baba Geti ni mimi. Nililinda geti hilo miaka tisa.

Majonzi basi yatakuwepo. Kazi aliyoifanya mama huyu haisimuliki kwa kuchekacheka tu.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, katika wodi ya watoto. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijatufikia. Watoto waliozaliwa na virusi waliletwa wamekonda, wakakaa wiki mbili au tatu, kisha wakatolewa wamefunikwa. Aliyekuwa akiwafunika ni yeye. Aliniambia habari za miaka hiyo mara moja tu, tukiwa tumejibanza kwenye kibanda changu tukisubiri mvua ipungue, na hakurudia tena. Alisema shuka za wodi zilikuwa kubwa mno kwa miili midogo, naye hakutaka waondoke wameviringishwa kama mizigo. Kwa hiyo alijifunza kukata shuka na kuipinda pindo, shuka moja kwa watoto wawili.

Baadaye dawa zikaja. Watoto waliokuwa wakisubiriwa kufa wakaanza kuota ndevu na matiti. Wakaanza kupenda, kubishana, kudanganya, kuchoka na vidonge. Hakuna ofisi iliyokuwa imewapangia ujana. Walikuwa wakipanga foleni na watu wazima, wamejifunika kofia mpaka puani, na wengi walikuwa wakiacha kuja. Shangazi Futi ndiye aliyeomba wapewe siku yao, Jumamosi, wasikose shule na wasikutane na majirani zao kwenye benchi. Walimjibu kwamba chumba hakuna. Akasema kipo, kile cha nyuma chenye vitanda vibovu. Mimi na yeye tulivitoa vitanda hivyo kimoja kimoja, na kimojawapo kilinidondokea kidoleni. Ukucha uliokuja badala ya ule haujawahi kunyooka.

Chumba chenyewe wafanyakazi mnakijua. Dirisha linatazama ukuta. Feni ina mapanga mawili badala ya matatu, ikizunguka inatikisika kama inayotaka kuondoka. Ipo meza ya mpira wa mezani isiyo na wavu, wanapanga vitabu katikati wanacheza hivyo hivyo. Majina ya kweli hayaitwi mle ndani. Kila kijana huchagua la kwake, na Shangazi hulikubali bila kuuliza. Tulikuwa na Injini, tulikuwa na Usiniguse, tulikuwa na binti mmoja mpole kabisa aliyejiita Bosi. Sisi wengine tuliwaita kwa jumla watoto wa Jumamosi.

Sheria ya Shangazi ilikuwa moja. Kijana ambaye hajafika mpaka saa nane mchana, anafuatwa nyumbani siku hiyo hiyo. Wenzake walimwambia angoje Jumatatu. Alikuwa akijibu, huku anabadilisha viatu, "Jumatatu ni mbali sana kwa mtoto wa miaka kumi na sita."

Tatizo lilikuwa sare. Nesi akibisha mlango wako, mtaa mzima unajua una nini. Kwa hiyo alivaa gauni la kawaida, akaning'iniza shingoni futi ya kupimia nguo, akabeba mfuko wenye vitambaa, akawa fundi cherehani anayezungukia wateja. Fundi anaingia nyumba yoyote, anafunga mlango na mtu chumbani nusu saa, na hakuna anayeshangaa. Jina lake lilitoka hapo.

Balaa lilimkuta mtaa wa tatu. Mke wa fundi baiskeli alimwita, akampa kitambaa, akataka gauni la mahafali ya mwanawe. Shangazi alijua mishono ya shuka tu, lakini angekataa vipi na futi iko shingoni? Alilishona wiki tatu. Lilipotoka, mkono mmoja uliishia kwenye kiwiko, wa pili ukafika kwenye kifundo. Yule mama aligeuka mbele ya kioo, kulia na kushoto, akauliza, "Fundi, huu ni mtindo au ni ajali?" Shangazi akamwambia, "Ni mtindo, mama. Ndiyo kwanza unaingia." Mama akalivaa. Wiki iliyofuata majirani wawili walitaka kama lile. Ikabidi nesi wetu aende kujifunza ushonaji kwa fundi wa kweli, kila Jumatano baada ya kazi, miezi minane. Leo anashona vizuri kuliko anavyochoma sindano, na waliowahi kuchomwa naye watanielewa.

Sasa nieleze jambo ambalo karani huenda akataka kulifuta. Asilifute, mwenyewe amesema liwemo.

Katika mwaka wangu wa nne getini alikuwepo kijana tuliyemwita Kinyozi. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa na mashine ya kunyolea aliyoiokota ikiwa mbovu akaitengeneza. Aliwanyoa wenzake wote na mimi pia, akaniachia kidoa nyuma ya kichwa. Nilipolalamika aliniambia, "Baba Geti, huko nyuma anakuona nani? Wewe si unatazama mbele." Aliishi kwa mjomba wake, ambako alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kigoda chake, na hakuna mwingine aliyevigusa. Kwa miezi kadhaa alikuwa amenyamaza. Halafu Jumamosi moja alikuja anatabasamu. Mashine yake akampa Injini. Sweta lake la shule akampa mdogo mmoja. Akapigilia misumari mguu wa benchi uliokuwa umelegea mwaka mzima. Akatushukuru mmoja mmoja. Mimi alinipa mkono akasema, "Asante kwa kunifungulia siku zote." Nikamwambia, "Nenda zako bwana, kwani unahama?" Akacheka.

Sisi tulifurahi. Tuliona kijana amefunguka, ameanza kuwa na moyo wa kutoa. Shangazi alimsimamisha mbele ya wenzake, akawaambia wamwige, na chumba kizima kikampigia makofi.

Jumatano mjomba wake alikuja kutuambia kwamba Kinyozi amejiua. Namna alivyofanya siiandiki, haimsaidii yeyote.

Kwenye kikao cha wafanyakazi watu walikuwa wakifarijiana, kila mmoja akisema hakuna aliyejua. Shangazi alikaa na mkoba wake begani kama mtu aliyekuja kwa muda mfupi. Ilipofika zamu yake akasema, "Alituaga. Alituaga mmoja mmoja, na mimi nikaongoza makofi." 

Baada ya mwezi alinipa barua niipeleke ofisini. Bahasha haikuwa imefungwa nami nina macho. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Niliiweka chini ya godoro la kibandani. Siku ya nne alikuja getini akaniuliza, "Barua yangu ilifika?"

"Bado. Ofisi ilikuwa imefungwa."

"Siku nne?"

"Kufuli lao gumu."

Alinitazama, akanyoosha mkono, nikamrudishia. Sijui aliipeleka wapi, ila ofisini haikufika.

Badala yake aliomba kwenda mafunzo. Akaenda wiki mbili katika hospitali kubwa, akarudi na jambo lililotutisha sote. Alisema kuanzia sasa kila kijana ataulizwa, akiwa peke yake, kwa maneno ya wazi, kama anafikiria kujiua. Si kuulizwa kama ana mawazo, wala kama yuko sawa. Mtoa dawa wetu, mtu mzuri lakini mwoga, alisema, "Sista, ukimuuliza hivyo si utakuwa umempa wazo?" Shangazi akamjibu, "Kaka yangu, wazo analo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia ambaye hatakimbia." Jumamosi ya kwanza aliwauliza ishirini na watatu. Wanne walisema ndiyo. Mmoja wa wanne hao alikuwa Bosi, yule mpole, ambaye katika miaka miwili hakuna hata mmoja wetu aliyemwekea alama ya wasiwasi. Mtoa dawa alitoka nje akasimama akitazama ukuta. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepika chai ya Jumamosi.

Akaanzisha pia karatasi ya saa mbaya. Ni karatasi ndogo ya kukunjwa, kila kijana anaiandika kwa mkono wake: dalili zinazomjulisha kwamba saa hiyo inakuja, mambo anayoweza kuyafanya ipite, mahali pa kwenda asikae peke yake, na mistari mitatu ya watu wa kuwaita. Shangazi hasahihishi wala haongezi. Injini aliandika kwamba yeye humsikiliza bibi yake akigombana na redio. Mwingine aliandika, "Nahesabu mapanga ya feni, yako mawili, naanza tena." Usiniguse aliandika mtu mmoja tu kwenye ile mistari mitatu, akatumwa nyumbani na kazi ya kutafuta wa pili. Baada ya mwezi alirudi na jina la dereva wa lori, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye hajawahi kukosa kupokea simu.

Ni miaka saba sasa, na kliniki haijapoteza kijana mwingine kwa namna ile. Shangazi hapendi hilo lisemwe. Anasema ukianza kuhesabu miaka, unaanza kusinzia.

Nimefika kwangu. Binti yangu ameniruhusu kuandika haya. Wiki iliyopita nilimpigia nikamsomea, akasema, "Andika, baba, ila usiniweke kama mtu wa kuhurumiwa. Na ule mwanzo ni mrefu." Mwanzo nimeupunguza.

Binti yangu alizaliwa na virusi. Mama yake alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kazi ya geti niliipata kwa sababu ya kumleta kliniki mpaka wakanizoea sura. Nilimleta siku za katikati ya wiki, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Nilimwambia ni dawa za kifua, na vidonge nikavihamishia kwenye kopo la vitamini. Shangazi alinivumilia mpaka mtoto akafikisha miaka tisa, kisha akaanza.

"Baba Geti, mwambie mwanao."

"Nitamwambia shule zikifungwa."

Zikafungwa, zikafunguliwa.

"Umemwambia?"

"Ana mtihani, Sista."

"Mtihani gani huo, wa kuzeeka?"

Miaka mitano alinipiga maswali hayo, na kila mara nilikuwa na jibu.

Pabaya zaidi ni hapa. Nilikuwa na tabia, jioni tukila, ya kumsimulia dada yangu mambo ya kazini, mtoto akisikiliza. Nilisimulia chumba kile, dirisha linalotazama ukuta, feni, meza yenye vitabu katikati. Nilisimulia watoto wa Jumamosi na virusi vyao. Maskini wale, nilisema. Watoto wazuri, lakini ndio basi. Nadhani nilisema hivyo ili nijiambie kwamba wangu si mmoja wao. Alipokuwa na miaka kumi alinipa penseli zake za rangi niwapelekee "wale maskini wako". Nikazipeleka.

Siku ninaondoka alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa bado hajui. Shangazi alisimama katikati ya geti, sikuweza kupita bila kumsukuma. Akaniambia, "Unaondoka na maneno ya mtoto." Nikasema nikifika nitampigia. Akanipisha, lakini hakunipa mkono.

Baada ya miezi minane dada yangu, niliyemwachia mtoto, alikuwa anaumwa mgongo. Dawa zilikuwa zimebaki chache, akampa binti kadi, akamwambia aende mwenyewe, ni Jumamosi, hakuna shule. Binti akaenda. Akaacha kadi dirishani kwa mtoa dawa, na mlinzi aliyenirithi akamwelekeza akasubiri chumba cha nyuma. Akasimama mlangoni. Akaona dirisha linalotazama ukuta, akaona feni ya mapanga mawili, akaona meza na vitabu katikati. Hakuna aliyemwambia kitu. Nilikuwa nimekwisha mwambia mimi mwenyewe, miaka yote ile, mezani.

Aligeuka akarudi nyumbani bila dawa, akaingia chumbani, akajifungia. Dada yangu alidhani ni mambo ya wavulana. Lakini kadi ilikuwa imebaki dirishani kwa mtoa dawa, na ilipofika saa nane Shangazi Futi alibadilisha viatu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada, ambaye hapunguzi maneno. Alimpokea mlangoni akamwambia, "Fundi, huyu leo hapimwi, ameamka na yake." Shangazi akaketi sakafuni ukumbini, nje ya mlango wa chumba, akatoa shati lisilo na vifungo, akaanza kushona.

"Mwanangu, mimi ni Shangazi Futi."

"Nakujua," binti akajibu kutoka ndani. "Baba alinisimulia. Wewe ni wa wale maskini."

"Ni wangu, ndiyo. Umaskini wao siujui, ila mkate wangu wanaumaliza."

 Alishona kifungo cha kwanza na cha pili. Kisha akasema, "Nitakuuliza jambo. Ukinijibu ndiyo, sitapiga kelele wala sitakimbia. Unafikiria kujiua?"

Dada anasema mkono ulimwasha, alitaka kumpiga kofi. Shangazi akaendelea na kifungo cha tatu.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Sijui."

"Basi na mimi leo sijui naondoka saa ngapi. Mama mwenye nyumba, tuwekee chai."

Alimpa dada kazi za kufanya humo ndani bila kelele, vitu vya kutoa na vitu vya kufungia, na dada akazifanya. Yeye hakusogea pale sakafuni. Hakuhubiri, hakusema Mungu anakupenda wala una maisha mazuri mbele. Alizungumza kuhusu vifungo, akanyamaza, akazungumza tena. Mlango ulifunguliwa jioni kwa sababu binti alitaka kwenda chooni. Shangazi akamwambia, "Nenda, nitakuwepo ukirudi." Aliporudi hakuufunga tena. Shangazi alikaa naye mpaka asubuhi, na Jumatatu akampeleka mwenyewe kwa daktari.

Jumatatu hiyo ndipo aliponipigia mimi, baba yake. Nilikuwa ghorofa ya nne na toroli la zege, msimamizi ananifokea kwamba linaganda. Nikaona namba ya kwetu.

"Uko wapi?"

"Juu, kazini."

"Shuka. Kaa chini." Nikashuka. "Umekaa? Binti yako yuko hai. Nimeanza na hilo." Kisha akanieleza mengine. Akamalizia, "Nampa simu. Usilie. Na usimtajie kifua."

Nikamwambia mwanangu kwa sauti, mbele ya watu wanaochanganya mchanga, kwamba ana virusi vya Ukimwi, kwamba alizaliwa navyo, kwamba nilijua na nilinyamaza.

Akasema, "Kwa hiyo wale maskini ni mimi."

"Nilisema upumbavu, mwanangu. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba utaniuliza kwa nini wewe."

 Akasema, "Siulizi kwenye simu. Njoo uniambie hapa, nikuone uso."

Nilimwambia nitakuja Desemba. Desemba kazi iliongezwa muda, nikabaki. Nilimwambia basi mwezi wa nne. Mwezi wa nne sikunyimwa ruhusa na mtu yeyote. Niliogopa tu. Mtu anaweza kubeba saruji siku nzima akashindwa kupanda basi.

Karatasi yake ya saa mbaya ninaijua kwa sababu alikubali nisomewe. Mstari wa kwanza wa watu wa kuwaita: Shangazi Futi. Wa pili: dada yangu. Wa tatu ameandika: "Baba, akirudi."

Amerudi shule. Vidonge anameza, na virusi vyake vimeshuka mpaka mashine haivioni. Jumamosi anacheza mpira wa mezani na kuwadhulumu wadogo pointi. Lakini siku mbaya bado zinakuja, asinidanganye mtu. Mwezi uliopita ilikuja moja, akampigia Shangazi mchana, akiwa shule, na baadaye akamuuliza, "Wewe ukistaafu, mimi nimpigie nani?" Shangazi alimtajia nesi kijana aliyemfundisha kwa miaka mitatu, binti hodari asiyeogopa kuuliza. Alimtajia Injini, ambaye sasa ni mtu mzima, ana mke na mtoto asiye na virusi, na ameajiriwa kliniki kukaa na vijana. Binti akasema hao sawa, anawapenda. Lakini aliendelea kumtazama.

Jioni ile Shangazi akanipigia. Hakunisalimu. Akasema, "Mimi tarehe thelathini natoka. Nafasi itakayobaki wazi kwa huyu mtoto si ya nesi. Nesi yupo." Akakata.

Kuhusu Shangazi Futi mwenyewe nimebakiza machache. Hajawahi kuwa bosi wa kitengo, mara mbili walimpa na mara mbili alisema miguu yake haijazoea meza. Hapendi picha. Ni mkali kwa wanaochelewa na mpole kupita kiasi kwa wanaodanganya, anasema mtoto anayedanganya bado anahangaika na maisha. Watoto wake wawili wa kuzaa walikua wakimgawana na watoto wa watu, na siku ya hafla wapewe nao kiti cha mbele, hawakuwahi kulalamika mbele yetu. Ana sukari, ana goti la kushoto linalomsumbua. Wafanyakazi mkimtembelea msimpelekee soda.

Shangazi, kwa niaba ya walinzi, wafagiaji, mtoa dawa, manesi, madaktari na vijana wote wa chumba cha nyuma, walio hai na yule mmoja, tunakushukuru. Tunakutakia siku ndefu na goti lililotulia, na Jumamosi nyingi za kukaa kwako bila kutazama saa ikifika nane. Ukimkumbuka Kinyozi, kumbuka na wale wanne wa Jumamosi ile ya kwanza. Bosi ameniambia nikuandikie kwamba amefikisha miaka ishirini na minne.

Binti yangu nimemwahidi kwa simu mara mbili, na mara mbili nikamvunja moyo, kwa sababu ahadi ya simu anaisikia yeye peke yake. Hii naiandika humu, mbele ya wafanyakazi wote na wageni, nipate aibu mbele yenu nikishindwa. Karani, nafasi ikikosekana kata kwingine kokote. Mkataba wangu unakwisha tarehe nane Agosti, sijatia saini mwingine, na tiketi ya basi nimekwisha kata. Natarajia kufika nyumbani Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, mchana. Nitakaa mahali anione uso, na aniulize.